Paka wa Soksi Aliyefika Ruangwa Bila Miguu

Jumapili, mchana. Jua kali, upepo hakuna, mabibo yananuka mpaka ndani ya nyumba. Nimechoka.

Kabla ya yote, salamu. Zuhura mwanangu, uliyeko Narung'ombe, huko Ruangwa, kwa wakwe zako, hujambo? Na huyo uliyembeba tumboni anacheza vizuri? Mumeo Shaibu hajambo huko ghalani anakobeba magunia ya korosho? Mama Shaibu, mkwe wangu, hajambo tangu jana? Na mama yake, Bibi Somoe, macho yake yanaendeleaje? Msalimie sana, mwambie lile neno lake sikulichukia. Nililicheka nilipokuwa njiani narudi, peke yangu, watu wakanitazama.

Huku Nachingwea sisi wazima. Baba yako hajambo, kile kikohozi cha salfa, dawa ya mikorosho, kimepungua. Bibi yako hajambo, magoti ndiyo yale yale. Mdogo wako Asha hajambo, amekaa hapa pembeni ananisahihishia herufi na kunicheka, maana mimi shule niliishia la nne, na hili neno shajara ulipoliandika juu ya ukurasa huu nilidhani ni jina la mtu. Mbuzi amezaa. Kuku yule wa madoa kaliwa na kicheche. Mama Rashidi jirani anakusalimu, ingawa yeye sijamwambia yote.

Na ninyi wengine mnaopita hapa kuangalia picha za wanyama wangu, siwajui sura ila nawasalimu. Leo picha hakuna. Leo nina maneno tu.

Wiki hii nimekuwa mchawi.

Ngoja niseme taratibu, maana nikiharakisha naruka, na kuruka ndiko kulikoniponza. Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta. Hawa wanyama wa soksi ni mchezo wangu wa jioni, siuzi, sifanyi biashara. Zuhura alipoolewa akaenda Ruangwa, mikono yangu ilikuwa imezoea kumsuka nywele kila Ijumaa, ikawa haina pa kwenda. Naokota korosho mchana, jioni nakaa barazani, mikono inatafuta kichwa cha kusuka. Asha hataki, kichwa chake anapeleka kwa wenzake wa shule.

Basi siku moja sokoni nikaona muuza mitumba ametupa pembeni rundo la soksi. Nikamuuliza hizi vipi. Akasema, "Wajane hao, mama. Wenzao hawakutoka kwenye robota. Chukua."

Nikachukua wajane wangu nikaja nao nyumbani. Wa kwanza nilimshona mbuzi. Baba Zuhura akamgeuza huku na huku akaniuliza, "Huyu ni mbuzi au ni mguu uliovimba?" Nikamfumua, nikashona tena. Ndani naweka sufi ya mito ya zamani, ile ambayo ukiilalia inakutoka puani. Kisigino cha soksi kinakuwa makalio, au shavu, inategemea. Mdomo wa soksi ukiufunga kwa kushona moja kwa moja, zile pembe mbili zinabaki zimesimama zenyewe, ndiyo masikio. Soksi nyingine ukiishika tu unajua inataka kuwa nani. Nimeshona sungura, tembo, ngedere, kuna na samaki mmoja ambaye Asha anasema ni kiatu.

Ninaposhona siwazi. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Sasa Zuhura ana mimba yake ya kwanza. Kwetu sisi mimba ya kwanza mwana anakuja kuzalia kwa mama yake, ya pili na kuendelea ni yao wenyewe. Tulishakubaliana na wakwe tangu ufuta ulipovunwa: mwezi huu ukiingia katikati, Zuhura anarudi Nachingwea. Nimeshapaka udongo chumba. Nimeshasema na mkunga wa hospitali. Zuhura ni mwembamba kiunoni kama mimi, na mimi nilipomzaa yeye nilishika mkono wa mama yangu kutwa nzima mpaka mkono ukafa ganzi, mama hakuuondoa. Bila ule mkono sijui kama ningekuwepo hapa kuandika. Kwa hiyo mtu akiniambia hospitali zipo kote, ni kweli zipo, namshukuru Mungu, lakini mkono wangu mimi uko huku.

Mwanzoni mwa wiki Zuhura akanipigia, akasema usingizi haumshiki, tumbo limekuwa kubwa, akilala upande huu linamvuta, akilala upande ule linamvuta, angepata kitu laini cha kukumbatia. Mtoto ambaye hajazaliwa hatengenezewi kitu, hilo nalijua tangu nikiwa mwali, na sikumtengenezea mtoto. Nilimtengenezea Zuhura. Alipokuwa mdogo alikuwa na paka wa kahawia aliyekuwa akilala naye mgongoni. Nikasema namshonea paka.

Nikapata soksi ndefu ya kahawia, nzito, ya mtu wa nchi ya baridi. Masikio yakasimama vizuri sana. Kwa macho nikatoa vifungo viwili vikubwa vya njano kwenye koti kuukuu la marehemu shemeji. Tumbo nikalijaza sufi likawa limekaa, ukimweka mezani hadondoki.

Ikabaki miguu na mkia. Lakini siku hiyo tulikuwa na korosho za kuanika, nikachelewa, na Alhamisi asubuhi dereva anayetupelekea mizigo Ruangwa alikuwa ameshawasha gari. Nikafunga unga wa muhogo, nikafunga kunde, nikamtia paka juu yake. Nikasema miguu nitamwekea Zuhura akija naye.

Mchana simu ikalia. Mama Shaibu mwenyewe. Hakunisalimia.

"Mama Zuhura, umetuletea nini humu ndani?"

"Unga wa muhogo, mkwe. Na kunde, na paka."

"Paka."

"Ndiyo, mkwe. Wa soksi."

"Ana miguu mingapi?"

"Hajapata bado, mkwe. Gari lilikuwa linaondoka."

"Mkia?"

"Na mkia nao sijauweka."

"Macho?"

"Macho anayo."

"Macho anayo, tumeyaona. Mama yangu haoni hata mlango na yeye kayaona. Sasa mwenzangu nikuulize. Kitu cha kahawia, miguu hakina, mkia hakina, kina masikio ya kuchongoka na macho ya njano kama visahani, kimekaa wima kinatutazama. Ninyi huko Nachingwea mnakiitaje?"

Jina lilishanifika mdomoni, nikalifungia humo humo.

"Na umekileta kwa mwenye mimba," akasema. Akakata.

Nikafungua picha niliyokuwa nimempiga kabla sijamfunga. Jana yake niliitazama picha ile nikaona paka. Sasa nikaitazama nikaona bundi. Bundi mzima, amekaa juu ya meza yangu, karibu na chupa ya chai. Nikaifunga simu, nikaifungua. Bundi. Ukishaambiwa, paka harudi tena.

Wasomaji wa mbali huenda bundi kwenu ni ndege tu. Kwetu akitua juu ya paa akalia, watu wanatazamana, kila mmoja anahesabu kimoyomoyo waliomo ndani.

Jioni ukaja ujumbe wa Zuhura. Uliandikwa haraka. "Mama usipige kwanza. Mama mkwe anasema siendi popote mpaka mjomba arudi aseme yeye."

Mjomba ni kaka yake Mama Shaibu. Yuko shambani kwake Mbwemkuru, na huko simu inashika ukipanda kichuguu. Kwao, kama kwetu, jambo zito halisemwi na baba wala mama. Anasema mjomba.

Nikakaa. Korosho zikabaki juani nikasahau kuzigeuza. Nilikuwa namwona mwanangu analia uchungu kwenye nyumba ambayo mimi siruhusiwi kuingia, kwa sababu ya miguu minne ya soksi ambayo ningeishona kabla chai haijapoa.

Baba Zuhura nilipomwambia nakwenda, alikuwa anafunga pampu ya salfa. Hakuinua kichwa. "Usiende," akasema. "Ukienda watasema bundi katuma mama yake."

Nikaenda. Jana, Jumamosi. Ijumaa nilishona miguu minne na mkia, nikatia kwenye kifuko cha plastiki, sindano nikaichomeka kwenye pindo la kanga. Ungenikuta njiani ukaniuliza mama unakwenda wapi na nini, ningekujibu nakwenda ukweni na miguu ya paka.

Nilipofika uani kwa Mama Shaibu nikaona ndoo imegeuzwa mdomo chini katikati ya uwanja, juu yake tofali, pembeni imemwagiwa chumvi kuizunguka. Hakuna aliyeitaja. Nikakaribishwa mkeka. Nikamwamkia Bibi Somoe, shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Mama Shaibu akaniuliza habari za nyumbani, nikasema njema. Akamuulizia Baba Zuhura, akamuulizia Asha, akamuulizia mama yangu na magoti yake, akaulizia mikorosho. Nami nikamuulizia Shaibu, nikamuulizia mjomba, nikaulizia shamba. Salamu zote zikapita juu ya ile ndoo kana kwamba haipo. Adabu yake yule mama iliniuma kuliko angenitukana.

Zuhura akatoka ndani, akapiga goti akaniamkia. Miguu yake imevimba. Si sana, lakini nimeona. Hakuja kukaa karibu nami, akakaa kizingitini, katikati yetu, kama mtu asiyejua aende upande gani.

Nikasema, "Mkwe, naomba tuifunue hiyo ndoo."

Hakuna aliyenyanyuka. Nikaifunua mwenyewe. Maskini paka wangu, alikuwa ameanguka ubavu, sikio moja limejikunja. Nikamkung'uta chumvi, nikamweka kwenye paja, nikatoa kifuko changu. Nikashona mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nikashona mkia. Kwa haraka yangu mguu mmoja ukaelekea nyuma. Nikamweka juu ya mkeka mbele yao.

Bibi Somoe akamsogelea, akainama mpaka pua ikakaribia kumgusa. Akasema, "Haya. Yule wa mwanzo alikuwa anaruka tu. Huyu na mbio anazo."

Zuhura akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Mimi mwenyewe kicheko kilinijia nikakibana. Mama Shaibu hakucheka. Alikuwa anatazama tumbo la yule mnyama.

"Ndani mna nini?" akauliza.

Ndipo nikaelewa kwamba hofu yake si macho na masikio peke yake. Kitu kilichoshonwa na mtu, kikafungwa, kikatumwa kwa mwenye mimba, nawe hujui ndani mmewekwa nini. Hata mimi ningelala na wasiwasi.

Nikamwomba wembe, akanipa. Nikapasua mshono wa tumboni. Sufi ikatoka, nyeupe, nikaitoa yote, nikamwekea mikononi. Akaichambua. Alichambua kidogo kidogo kwa vidole viwili, kama anatafuta mawe kwenye mchele, na kila alichomaliza kukichambua upepo wa uani ulikichukua ukakipeleka kwa kuku. Hakuna hirizi. Hakuna kitambaa. Hakuna kucha wala unywele. Nikakata miguu niliyoishona muda ule ule, nikaifungua nayo. Nikakata vifungo. Nikaigeuza soksi nje ndani nikamnyooshea.

Akaishika kwa ncha. Akaivuta, ikarudi. "Kumbe soksi," akasema.

"Soksi, mkwe."

Akakaa chini. Muda wote alikuwa amesimama, sikuwa nimeona.

Halafu akanieleza, na sauti yake ilikuwa ya chini, siyo ile ya kwenye simu. Kabla ya Shaibu alikuwa na binti, Mwanahawa. Nilijua alifiwa na binti, sikujua vipi. Mwanahawa alikuwa na mimba, yuko kwa watu wa mumewe, mbali, na Mama Shaibu alikuwa anangojea aletwe. Jioni bundi akatua juu ya paa hili hapa, akalia. Mama Shaibu akamrushia jiwe. Akarudi. Walipokuja kumwita akaondoka kwa miguu, akafika binti ameshafunikwa shuka, na mtoto pembeni yake hakulia hata mara moja.

"Sikukutukana kwa ubaya, mwenzangu," akasema. "Niliyaona yale macho nikasema kaja tena, na safari hii kaja mpaka ndani."

Nilikuwa nimekuja na hasira kidogo chini ya ule uchovu, siwezi kuficha. Nilishapanga maneno ya kusema, kwamba mtoto ni wangu na makubaliano ni makubaliano. Nikayaacha yote. Nikamshika mkono. Mkono wenyewe una sufi vidoleni.

Bibi Somoe akasema, "Sasa mkilia nyote wawili, huyu mwenye tumbo atapikiwa na nani?"

Tukapika. Ugali wa muhogo wangu mwenyewe na kunde zangu mwenyewe. Nikakaa na Zuhura jikoni, nikamsuka nywele, mistari minne tu maana gari la kurudi lilikuwa karibu. Kichwa chake kina joto lile lile la utotoni.

Wakati wa kuaga Mama Shaibu akanisindikiza mpaka njiani. Akasema, "Mimi simzuii tena. Ila mjomba nimeshamtumia maneno, siwezi kumruka. Akirudi atasema yeye." Tukatembea kidogo. Akasema tena, "Na akikubali, Zuhura haji peke yake. Namleta mwenyewe, na nakaa. Nakaa mpaka nisikie kilio cha mtoto. Una mkeka?"

Nikasema mkeka ninao.

"Basi," akasema. Halafu, "Vile vifungo umeviacha. Nimevichukua. Koti la Shaibu halina."

Ndiyo hivyo. Nimerudi nyumbani jana na kifuko kitupu. Leo mwili wote unauma, mgongo, magoti, mpaka kope. Baba Zuhura ameuliza kimetokea nini, nikamwambia wanakuja wawili au haji hata mmoja. Akafikiri. Akasema atatafuta kuku mwingine badala ya yule wa madoa, kama ni wawili.

Nimejiuliza kama niache hizi soksi. Pale kwenye kikapu yupo sungura nusu, ananiangalia kwa jicho moja. Sina hamu naye leo. Lakini mikono najua haitakaa, na siku ambazo simu hailii ndizo siku mikono inasumbua zaidi. Kwa hiyo sitaacha. Ila kuanzia sasa naanza na miguu, kichwa baadaye. Na hatoki mnyama kwenye nyumba hii hajaonwa na watu wawili, Asha na mama yangu, kila mmoja peke yake, na kila mmoja aniambie bila kuulizwa mara mbili ni mnyama gani.

Kuna ninaloliogopa ambalo silisemi kwa mtu hapa nyumbani, hata Asha nimemtuma maji kwanza. Naogopa mjomba akawie. Tumbo halingojei mjomba. Na ile miguu kuvimba, Zuhura, nakuomba kesho uende kliniki ukaonyeshe, usiseme ni joto. Mwambie Mama Shaibu mimi ndiye niliyesema, nadhani safari hii atanisikiliza, na nadhani ataifuata hiyo safari ya kliniki hatua kwa hatua nyuma yako.

Mimi chumba kimeshakauka. Kitanda ni chako na mkeka ni wa mkwe wangu. Au kitanda kiwe cha mkwe wangu na mkeka uwe wangu, tutajua mkifika. Atakushika mkono mmoja na mimi mwingine, tusigombanie.

Basi mwanangu, mjomba akishatia mguu uani hapo, msile kwanza, msipumzike, nipeni habari. Najua vocha ni shida, usinipigie, nibipu tu. Akisema ndiyo, bipu mara moja. Akisema hapana, bipu mara mbili. Na ikiwa ni moja, mwanangu, nakuomba siku hiyo usinipigie tena kwa jambo lolote lile mpaka kesho yake, maana mimi nitakuwa nimeishika simu kwa mikono miwili, nangojea isilie mara ya pili.